Mifuko Mingi, Nyumba Moja: Namna ya Kuunganisha Fedha za Serikali kwa Mradi wa Nyumba za Bei Nafuu

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi nchini Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya Tozo ya Nyumba za Bei Nafuu, na mwajiri wake hulipa asilimia 1.5 nyingine. Kwa kuwa makato hayo yako wazi kwenye hati ya mshahara, wengi huamini kwamba hiyo ndiyo pesa yote ya umma iliyotengewa nyumba. Sivyo. Tozo ni mfuko mmoja tu. Upo mfuko wa mikopo nafuu unaopitia benki na SACCO. Upo wa kuboresha makazi duni. Upo wa kaunti, ambao mara nyingi hautoi pesa mkononi bali ardhi, barabara na bomba la majitaka. Kuna nafuu za kodi ambazo wanunuzi wengi huzikosa kwa sababu tu hawakuziulizia, na kuna pensheni ya mwanachama mwenyewe, ambayo sheria inaruhusu sehemu yake igeuzwe kuwa nyumba.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya viongozi wa vyama vya ushirika wa nyumba, wasimamizi wa SACCO, maafisa wa kaunti, na mkazi yeyote anayejiuliza kwa nini jengo la mtaani kwake limesimama nusu. Miradi mingi inayokwama ina fedha zilizoahidiwa. Kinachoiangusha ni kwamba fedha hizo zinatoka kwenye ofisi tofauti, kwa sheria tofauti, na kila ofisi ina tarehe zake. Kamba hukatikia pabovu, na katika ujenzi wa nyumba za bei nafuu pabovu ni pale mfuko mmoja unapoishia na mwingine haujaanza.

Kila mfuko na kazi yake

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limegawa kazi. Sera ya nyumba iko kwa Serikali ya Kitaifa. Mipango na maendeleo ya kaunti, upimaji wa ardhi, nyumba, maji na majitaka viko kwa kaunti. Kwa hiyo tangu mwanzo hakuna ofisi moja yenye mamlaka ya kukujengea nyumba yenye bomba, barabara na hati. Lazima ziwe angalau mbili, na kwa kawaida huwa tano au sita.

Tozo ndiyo mfuko mkubwa, na historia yake ni funzo tosha. Desemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ajenda nne kuu, mojawapo ikiwa kujenga nyumba 500,000 za bei nafuu. Mwaka uliofuata sheria ya fedha ikaanzisha makato ya asilimia 1.5, mahakama ikayasimamisha kabla hayajaanza kukusanywa. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto iliyarudisha. Novemba 28 mwaka huo Mahakama Kuu ikayatangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu yaliwabana walioajiriwa rasmi pekee na hayakuwa na msingi kamili wa kisheria. Ndipo ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, iliyotiwa saini Machi 19, ambayo iliwajumuisha hata wasio waajiriwa. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu iliidumisha. Mradi uliotegemea tozo peke yake katika miaka hiyo ulikuwa unangoja uamuzi wa jaji kujua kama mkandarasi atalipwa. Hii ni sababu ya kwanza ya kutoegemea mfuko mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Sheria ya 2024 inagawa nyumba kwa kipato. Nyumba za kijamii ni za watu wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba za bei nafuu ni za wenye kipato cha kuanzia shilingi 20,000 hadi 149,000. Zaidi ya hapo ni nyumba za tabaka la kati. Pesa za tozo zinaweza kujenga nyumba na pia miundombinu inayoambatana nazo, na kila kaunti inapaswa kuwa na kamati ya nyumba za bei nafuu za mijini na vijijini. Kama wewe ni kiongozi wa ushirika na hujawahi kuwajua wanakamati wa kaunti yako, hapo ndipo pa kuanzia.

Mfuko wa pili ni wa KMRC, kampuni ya kuzipa benki na SACCO mtaji wa mikopo ya nyumba. Iliundwa mwaka 2018, ikapata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, na Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 kwa ajili ya mpango huo. Mwananchi haendi KMRC kuomba mkopo. KMRC huzikopesha benki na SACCO wanachama wake kwa riba nafuu na kwa muda mrefu, nazo ndizo humkopesha mnunuzi kwa riba ya chini ya asilimia 10. Kampuni hii haijengi hata ukuta mmoja. Umuhimu wake utauona kwenye hesabu iliyo hapa chini. Kumbuka tu kwamba kufikia mwisho wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na takriban mikopo 30,000 ya nyumba, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50.

Wa tatu ni mradi wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, KISIP, ulioanza mwaka 2011 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wengine, na baadaye ukaingia awamu ya pili. Huu haujengi nyumba za kuishi. Unapima ardhi na kutoa hati, unachimba mitaro, unaweka lami, taa za barabarani, maji na majitaka. Watu wengi huudharau kwa sababu hiyo, nami naona wanakosea sana. Katika mtaa usio na hati wala mtaro, mifuko mingine yote haina pa kuingilia.

Nafuu za kodi ni ndogo ukizitazama moja moja, ila zikijumlishwa zinaonekana. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu hasamehewi bei, lakini husamehewa ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 nje ya miji. Riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi mwenyewe hupunguza mapato yanayotozwa kodi hadi kiwango cha shilingi 360,000 kwa mwaka. Mjenzi anayekamilisha nyumba 100 au zaidi kwa mwaka amewahi pia kuruhusiwa kutozwa kodi ya kampuni ya asilimia 15 kwa faida ya nyumba hizo. Nafuu hii ya mwisho ni ya mjenzi, kwa hiyo ushirika unaoajiri mkandarasi mkubwa una haki ya kumuuliza kama anaipata, na ni kiasi gani cha nafuu hiyo kitashusha bei ya wanachama.

Kuhusu pensheni, kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa uzeeni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi shilingi milioni 7. Njia nyingine ni kuiacha akiba mahali pake na kuweka hadi asilimia 60 yake kuwa dhamana ya mkopo. Ushauri wangu ni kuanza na hiyo ya pili, kwa sababu pesa iliyotolewa haiendelei tena kukua kwa ajili ya uzee wako.

Anzeni na mwezi wa mkazi

Vikundi vingi huanza na ramani ya jengo, kisha gharama, kisha ndipo hutafuta mtu wa kuzilipa. Geuzeni mpango huo. Anzeni na kile mwanachama anachoweza kulipa kila mwezi bila watoto wake kukosa karo, kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa ushirika wa wanachama 80, kila mmoja akipata wastani wa shilingi 45,000 kwa mwezi. Wamekubaliana kwamba kila mmoja anaweza kulipa shilingi 13,000 kwa mwezi kwa nyumba. Kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 20, malipo hayo yanabeba mkopo wa takriban shilingi milioni 1.05. Kwa riba ya asilimia 9 na muda ule ule, yanabeba takriban milioni 1.44. Familia ni ile ile, mshahara ni ule ule, lakini tofauti ni karibu shilingi 400,000. Hapo ndipo thamani ya fedha za KMRC inapoonekana.

Sasa tuseme mkadiriaji majenzi amewaambia kwamba kila nyumba itagharimu shilingi milioni 1.9, ikiwemo sehemu yake ya ardhi pamoja na barabara ya kuingilia, bomba la maji na la majitaka. Tuseme hiyo miundombinu peke yake ni shilingi 250,000 kwa kila nyumba. Kaunti ikiibeba, inabaki milioni 1.65. Mwanachama akiwa ameweka akiba ya shilingi 200,000 kwenye SACCO, inabaki milioni 1.45. Mkopo wa riba ya asilimia 9 unafika milioni 1.44. Hesabu imefunga, likibaki pengo dogo tu.

Ondoa mfuko mmoja uone. Kaunti isipoleta bomba, kila mwanachama anapungukiwa na shilingi 250,000. SACCO ikikosa kuwa mwanachama wa KMRC na kukopesha kwa asilimia 14, pengo ni shilingi 400,000. Wanachama wakikosa akiba, pengo ni 200,000. Hakuna mfuko hata mmoja hapo unaotosha kujenga nyumba, na hakuna hata mmoja unaoweza kukosekana. Andikeni jedwali kama hili la mradi wenu wenyewe kwa bei za soko la kwenu, na kando ya kila kiasi muweke jina la ofisi, jina la sheria inayoiruhusu kutoa, na barua inayothibitisha. Mstari usio na barua uhesabuni kuwa sifuri, hata kama ahadi ilitolewa jukwaani mbele ya umati.

Jambo jingine la kuangalia kwenye hesabu ya mkazi ni Sheria ya Ajira ya 2007, inayokataza makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Mwanachama aliye na mkopo wa maendeleo kwenye SACCO, juu ya PAYE, NSSF, bima ya afya ya jamii na tozo, anaweza kuwa tayari amefika ukingoni. Kagueni hati za mshahara za wanachama wote kabla ya kwenda benki. Ni bora mjue leo kwamba wanachama 20 hawatapita kuliko kujua siku ambayo zege limeshamwagwa.

Tarehe zinazoua miradi

Nimeona jengo la ghorofa lililokamilika, rangi imepakwa, vioo vimewekwa, majina ya wanunuzi yamebandikwa langoni, na nyuma yake lori la kunyonya majitaka limeegeshwa na mpira wake mnene umetumbukizwa kwenye shimo. Bomba kuu la mji liko umbali wa kutupa jiwe. Halikuunganishwa kwa sababu kazi hiyo haikuwa kwenye bajeti ya mwaka ule, wala ya mwaka uliofuata. Kila familia inalipia lori juu ya kulipia nyumba, na harufu hawajaizoea.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini mlango wa kuingiza mradi hufungwa mapema zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hupaswa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla au kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Juu ya yote hayo kuna mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Ulio kazini sasa ni wa 2023 hadi 2027. Jambo lisilo kwenye mpango wa miaka mitano ni vigumu kuingia kwenye wa mwaka, na lisilo kwenye wa mwaka halipaswi kupata pesa.

Tuseme ushirika wetu wa wanachama 80 unagundua mwezi Oktoba kwamba bomba halimo. Nafasi ya kawaida inayofuata ni mpango wa Septemba mwaka ujao, ambao pesa zake huanza kutoka Julai ya mwaka baada ya huo. Ni kusubiri miezi 21. Ikiwa ushirika umekwisha kuchukua mkopo wa ujenzi wa shilingi milioni 50 kwa asilimia 14, riba pekee ni shilingi milioni 7 kwa mwaka. Katika miezi 21 kila mwanachama amepoteza zaidi ya shilingi 150,000, na hakuna tofali lililoongezeka. Wapo watakaowaambia msubiri bajeti ya nyongeza. Huenda ikaja, lakini msikope kwa kuitegemea.

Kwa hiyo mkopo wa ujenzi uwe wa mwisho kusainiwa. Kwanza hakikisheni ardhi haina mgogoro na jina kwenye sajili ni lenu. Kisha bomba na barabara viwe kwenye mpango wa kaunti. Kisha mpate barua ya SACCO au benki inayosema itakopesha wanachama wangapi, kwa riba gani, kwa muda gani. Vibali vya kaunti, vya mamlaka ya mazingira NEMA na usajili wa mradi kwa mamlaka ya ujenzi NCA viende sambamba na hatua hizo, na mfuatilie muda wake wa kuisha. Wakandarasi hupenda utaratibu wa kinyume, kwa sababu ukishachimba msingi huwezi tena kurudi nyuma. Msikubali.

Hati mama na hati za nyumba

Hapa ndipo viongozi wengi wa ushirika hupotelea, na mawakili hawawaelezi vya kutosha. Mkopeshaji wa ujenzi huweka rehani kwenye hati ya kiwanja kizima, ile inayoitwa hati mama. Mkopeshaji wa mnunuzi, yule anayetumia fedha za KMRC, anataka rehani kwenye hati ya nyumba moja. Hati mama ikiwa imefungwa, hati ya nyumba moja haitoki. Na pesa ya mnunuzi isipoingia, mkopo wa ujenzi haulipiki ili hati mama ifunguliwe. Kila mmoja anamngoja mwenzake.

Dawa ipo na ni ya karatasi. Sheria ya Hatimiliki za Sehemu za Majengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hati yake kamili. Kabla ya kusaini mkopo wa ujenzi, mkataba useme kwamba mkopeshaji ataachilia kila nyumba kutoka kwenye rehani mara tu bei yake ya kuachiliwa inapolipwa, na utaje kiasi hicho kwa shilingi. Mawakili wa pande zote mbili wabadilishane ahadi za maandishi. Mpimaji aandae ramani ya sehemu za jengo wakati ujenzi ukiendelea, asingoje umalizike. Mambo haya hugharimu kiasi kidogo yakifanywa mapema, lakini yakisahauliwa wanachama wanaweza kuishi miaka ndani ya nyumba ambazo kisheria si zao.

Jihadharini pia na kulipia kitu kimoja mara mbili. Ikiwa kaunti inajenga barabara ya kuingilia, bei ya mkandarasi isiwe na barabara hiyo tena. Fedha za kila mfuko ziwe na akaunti yake na daftari lake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufuata fedha za umma hadi mahali zilipotumika, na maelezo kwamba "zilichanganyika" hayajawahi kumsaidia mweka hazina yeyote.

Wakazi kwanza: Kibera na Mukuru

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya na UN-Habitat walikubaliana kuboresha makazi ya Kibera. Wakazi wa Soweto Mashariki, eneo A, walihamishiwa nyumba za muda za Lang'ata mwaka 2009. Ujenzi ukaanza 2012, na nyumba 822 zikakabidhiwa 2016. Ni miaka 13 kutoka makubaliano hadi funguo. Katikati kulikuwa na kesi mahakamani, mabishano ya nani ni mkazi halali, na sintofahamu ya nani atalipa nini. Nyumba zilipatikana, na waliozipata wameondokana na matope na vyoo vya shimo, jambo ambalo si dogo. Lakini mtoto aliyezaliwa siku ya makubaliano alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi funguo zilipotolewa.

Mukuru ilichukua njia nyingine. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa, lenye kaya zipatazo 100,000. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza miaka ya 1990, liliwapanga watu nyumba kwa nyumba: kaya kumi zinatoa mwakilishi mmoja, wawakilishi wa makundi kumi wanaunda ngazi inayofuata, na kuendelea juu. Upande wa pili, idara za kaunti, vyuo vikuu na mashirika viligawanywa katika makundi ya kazi, ya maji, ya afya, ya nyumba, ya fedha, ya sheria, na kila kundi lilikuwa na idara ya kaunti ndani yake. Mpango huo ulipofika mezani, barabara na mabomba yalianza kujengwa katika vijiji hivyo bila bomoabomoa ya jumla, kwa sababu ramani ilikuwa imeshakubaliwa na wenye vibanda wenyewe.

Jirani na hapo, kwenye mradi wa Mukuru unaojengwa kwa tozo, nyumba 13,248 zimepangwa, na kundi la kwanza la nyumba 1,080 lilikabidhiwa Mei 2025. Chumba kimoja kiliuzwa kwa shilingi 640,000, kulipwa takriban shilingi 3,900 kwa mwezi kwa miaka 30. Kiasi hicho hakiko mbali na kodi ambayo wengi tayari walikuwa wakilipa kwa chumba cha mabati. Hapa pia pesa ya tozo peke yake isingetosha. Ilihitaji ardhi ya umma, na mkopo mrefu wenye malipo ya chini.

Tanzania nayo ina somo la kuangalia. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam kwa mkopo wa Hazina wa shilingi bilioni 8.9, uliorejeshwa kwa mauzo ya viwanja vyenyewe. Viwanja vilipimwa vingi kuliko lengo, katika maeneo kama Bunju na Kibada, na pesa ilirudi. Lakini maji na barabara vilichelewa sana katika sehemu kadhaa, na wenye kipato kidogo hawakumudu bei. Mfuko wa upimaji ulifanya kazi yake vizuri. Wa miundombinu na wa mikopo ya watu wa chini haikuwa tayari kwa wakati huo. Ni tatizo lile lile la jengo lenye lori la majitaka, kwa ukubwa wa mji.

Mtu mmoja awe na orodha

Kila mradi unahitaji mratibu mwenye jina, barua ya uteuzi na mshahara. Mwenyekiti wa ushirika hafai kwa kazi hii, kwa kuwa ana kazi yake na anabadilika kwa kura, na mkandarasi ana maslahi yake. Mratibu kazi yake ni kushika jedwali lile la fedha, kuwaita wawakilishi wa mifuko yote mezani mara moja kwa mwezi, na kuandika nani aliahidi nini na lini. Ushirika mdogo usiomudu kumwajiri unaweza kuomba msaada wa NACHU, muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika wa nyumba uliopo tangu 1979, au kuungana na vyama vingine viwili vitatu vya kaunti hiyo hiyo na kumlipa kwa pamoja. Mikutano hiyo iwe wazi kwa wanachama. Hakuna kinachoharakisha afisa kama mama wa kundi la kaya kumi aliyekaa mstari wa mbele akisoma kumbukumbu za mkutano uliopita.

Kwa mnunuzi binafsi aliyejisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizi, mambo mawili. Nyumba iliyonunuliwa chini ya Sheria ya 2024 haiuzwi bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, kwa hiyo usiinunue kwa nia ya kuiuza haraka, na usinunue kutoka kwa mtu asiye na idhini hiyo. Pili, kujisajili hakugawi nyumba. Endelea kuweka akiba, ulizia viwango vya malipo ya awali wakati unapoomba, maana vimekuwa vikibadilishwa, na uliza SACCO yako kama inakopesha kwa fedha za KMRC. Kama haikopeshi, lipeleke swali hilo kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kwa maandishi.

Na kwa wenye mradi mkononi: andikeni maombi ya barabara na bomba la mtaa wenu mwezi Juni au Julai, yapelekeni kwa afisa wa wadi na kwa idara ya mipango ya kaunti, mgongewe mhuri kwenye nakala yenu, kisha muende wengi kwenye kikao cha maoni ya umma. Mpango wa mwaka hufungwa Septemba 1.